Kipindi cha maktaba shule ya msingi: namna ya kukiendesha ili vitabu vitoke kabatini

Shule nyingi za msingi Tanzania zina vitabu vingi kuliko walimu wake wanavyodhani. Viko kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, viko kwenye maboksi ya stoo pamoja na majembe ya elimu ya kujitegemea, na ufunguo yuko nao mwalimu mmoja ambaye leo ameitwa semina wilayani. Mkaguzi akija, kabati linafunguliwa, vitabu vinaonekana vipya kabisa. Hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyekabidhiwa maktaba juu ya mzigo wa vipindi vyake vya kawaida, hana mkutubi wa kumsaidia wala fedha za maana. Nimeupanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe, lakini kama shule yako tayari ina rafu zilizopangwa, ruka hadi sehemu ya ratiba.

Kwanza: toa vitabu vyote nje, uvichambue

Tandika majamvi kivulini siku ya Jumamosi, waite wanafunzi kumi wa darasa la sita, mtoe kila kitabu. Tenga mafungu manne: vitabu vya kiada, vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vitabu vya maarifa (wanyama, ramani, mwili wa binadamu, kilimo), na vile visivyofaa.

Vya kiada usiviweke kwenye rafu za hadithi. Mtoto akiingia maktaba akakutana na kitabu kilekile cha Hisabati anachokimbia darasani, ataona maktaba ni darasa jingine. Viache kabatini vigawiwe na walimu wa masomo.

Fungu la nne lichunguze bila huruma. Shule nyingi zimepokea maboksi ya msaada kutoka nje: kamusi za sheria za nchi nyingine, hadithi za Kiingereza cha kina, miongozo ya kompyuta za zamani. Kitabu ambacho hakuna mtoto wala mwalimu wa shule yako atakisoma hakiongezi maktaba, kinaificha. Hadithi za kigeni zenye kufaa, zipitie mwenyewe ukurasa kwa ukurasa kwanza. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu kadhaa vya hadithi za kigeni mashuleni kwa sababu ya maudhui, na mwalimu wa maktaba ndiye wa kwanza kuulizwa. Vitabu vilivyopoteza kurasa usivichome. Kata picha zake, utazihitaji.

Pili: sajili

Daftari moja kubwa la mistari linatosha. Safu ni tano: namba, jina la kitabu, mwandishi, tarehe kilipoingia, kilikotoka. Piga muhuri wa shule ukurasa wa ndani wa jina, kisha urudie ukurasa mmoja wa siri, kwa mfano wa 15, kwenye vitabu vyote. Kitabu kikichanwa jalada na kuonekana mtaani, ukurasa huo utakutolea ushahidi.

Usipoteze muhula mzima ukijaribu mfumo wa namba za maktaba kubwa. Kwa vitabu mia tatu, hauna faida.

Tatu: vipange kwa ugumu wa kusoma

Hapa ndipo panapohitaji akili zaidi, na ndipo wengi wanapoharakisha. Mazoea ni kupanga vitabu kwa madarasa: hivi vya la kwanza, hivi vya la nne. Lakini darasa la nne la shule halisi lina mtoto anayesoma gazeti na mwenzake anayekwama kwenye silabi. Panga kwa ngazi, weka utepe wa rangi kwenye uti wa kitabu, na usiandike darasa popote.

Kwa ngazi za chini kigezo chako ni silabi. Ngazi ya kwanza iwe vitabu vyenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na maneno yenye silabi nyepesi: mama, kuku, bibi, kula, taka. Ngazi ya pili iingize konsonanti mbili: ndege, njia, nyumba, shamba, chungu. Ngazi ya tatu ndiyo yenye vikwazo, mbwa, kunywa, ng'ombe, ghala, dhahabu, na aya fupi fupi. Ngazi ya nne ni hadithi ndefu zenye sura. Kitabu ukikitilia shaka, mpe mtoto akisome mbele yako kurasa mbili, utajua palepale.

Rangi ziteue wanafunzi wenyewe, na zisifanane na za alama za mtihani. Nyekundu kwa ngazi ya chini ni kosa, maana watoto wanajua kalamu nyekundu maana yake nini.

Tatizo litakalojitokeza ni mwanafunzi wa darasa la tano ambaye bado yuko ngazi ya kwanza. Hawezi kuchukua kitabu cha picha mbele ya wenzake. Atachukua kinene akishike tu. Dawa yake ni kumpa kazi: mteue awe msomaji wa watoto wa darasa la kwanza kila Jumatano. Sasa ana sababu ya heshima ya kuchukua kitabu chepesi, kukibeba nyumbani, na kukirudia mara nyingi ili asiaibike mbele ya wadogo. Wale wadogo hawajui siri, wanaona kaka amekuja.

Nne: mahali

Chumba kizima ni neema, lakini si sharti. Kona ya nyuma ya darasa inatosha, au sanduku la mbao lenye magurudumu, au hata kamba ya katani iliyofungwa ukutani, vitabu vikianikwa kwa vibanio vya nguo. Kamba ina faida moja kuliko rafu: jalada lote linaonekana. Mtoto asiyejua kusoma vizuri huchagua kwa jalada, na uti wa kitabu haumwambii kitu.

Rafu isizidi urefu wa mkono wa mtoto wa darasa la kwanza ulionyooshwa. Isigusane na ukuta, unyevu wa masika hupitia hapo. Kama una mchwa, na ukiwa nje ya mji huwezi kuwakosa, simamisha miguu ya rafu ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo, uyafunike kwa mbao watoto wasiyaguse. Kila mwezi toa vitabu vyote, pangusa, tazama nyuma.

Kwa vilivyochanika usitumie selotepu ya kawaida: kwa joto letu hugeuka njano, ikabanduka na karatasi. Tumia gundi nyeupe ya maseremala iliyoongezwa maji kidogo, na uti uliokatika ushonwe kwa sindano na uzi. Wanafunzi wa la sita na la saba wanaifanya kazi hiyo vizuri kuliko walimu.

Tano: pigania nafasi kwenye ratiba

Maktaba inayofunguliwa "wakati wa mapumziko" hufungwa. Mapumziko watoto wanataka uji na mpira, nawe unataka chai. Nenda kwa mwalimu wa taaluma kabla ratiba ya muhula haijabandikwa, uombe kipindi kimoja kwa wiki kwa kila mkondo. Akikuambia hakuna nafasi, omba kipindi kimojawapo cha Kiswahili kifanyikie maktaba. Kusoma ni sehemu ya somo lenyewe, huibi muda wa mtu.

Kwa darasa la kwanza na la pili kipindi ni dakika 30, kwa la tatu kwenda juu dakika 40. Zigawe hivi kwa dakika 40: tano za kuingia, kurudisha vitabu na kukaa; kumi za mwalimu kusoma kwa sauti; ishirini za wanafunzi kusoma wenyewe au kufanya shughuli; tano za kuazima na kutoka. Kwa dakika 30, punguza kwenye zile ishirini, usiguse zile kumi.

Na darasa lenye watoto 90? Usiwaingize wote. Gawa mara mbili: nusu wabaki na mwalimu wa darasa wakiandika, nusu waje maktaba, wiki ijayo wabadilishane. Kipindi kimoja kizuri kila baada ya wiki mbili kinafaa kuliko vurugu ya kila wiki.

Teua viranja wa maktaba wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, wawe wa darasa la tano ili uwe nao miaka miwili. Kazi yao ni kupokea, kuandika, kurudisha vitabu kwenye rangi yake. Fimbo hawashiki.

Sita: kusoma kwa sauti

Ukilazimika kuchagua shughuli moja tu katika mwongozo mzima, chagua hii. Watoto wengi wanaoingia darasa la kwanza hawajawahi kumwona mtu mzima akisoma kitabu kwa starehe. Wamewaona watu wakisoma ujumbe kwenye simu, wakisoma Biblia au Msahafu, wakisoma bili ya umeme. Hadithi wanazijua kwa masikio. Kazi yako ni kuwaonyesha kwamba hadithi ya bibi inaweza kukaa kwenye karatasi.

Kisome kitabu nyumbani mara mbili kabla. Mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, mara ya pili kwa kutafuta mahali pa kusimama, pawili au patatu, si zaidi. Watoto wakae mkekani, nawe ukae chini au kwenye kiti kifupi, kitabu ukishike pembeni ya uso picha ziwaelekee. Anza kwa mwito wa kwenu: Pwani ni "Paukwa!" wakajibu "Pakawa!", bara wengi huanza na "Hadithi, hadithi!" wakajibu "Hadithi njoo!" Mwito huo unawanyamazisha watoto themanini haraka kuliko kengele.

Onyesha jalada, uliza wanaona nini. Kisha soma, taratibu, ukibadili sauti kwa kila mhusika. Fika mahali pa kusimama, uliza swali ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu.

Chukua mfano wa hadithi ambayo kila mtoto anaijua, ya Fisi aliyefika njia panda, harufu ya nyama ikamjia kutoka njia zote mbili, akataka kupita kote mpaka akapasuka. Swali la "Fisi alifika wapi?" ni la mtihani, mmoja atajibu na wengine watalala. Swali la "Hadithi inatufundisha nini?" nalo limechoka, wote watapaaza "Tusiwe na tamaa!" huku wakifikiria chakula cha mchana. Waulize badala yake: ile nyama ilikuwa inapikwa na nani? Kulikuwa na sherehe gani pande zote mbili siku moja? Mbona Fisi hakumwita mwenzake agawane naye njia? Hapo mikono itainuka na mabishano yataanza, na ukiyaacha yaende kwa dakika tatu umepata mazoezi ya lugha ambayo zoezi la kujaza nafasi haliwezi kuyatoa.

Neno gumu usilifafanue kila linapotokea. Lile linalobeba hadithi lieleze kwa ishara au picha, mengine yapite. Mtoto wa Longido anayezungumza Kimaasai nyumbani, akikutana na hadithi ya ngalawa na tanga, anahitaji mchoro ubaoni kabla hujaanza, la sivyo atasikia sauti tu. Mtoto wa Kilwa naye anahitaji msaada huohuo kwa hadithi ya boma na machungani.

Ukimaliza, kiache kitabu hicho mahali pa wazi. Ndicho kitakachogombaniwa.

Saba: wasome wenyewe

Darasa la kwanza na la pili wasome wawili wawili, kitabu kimoja. Mmoja asome ukurasa, mwenzake afuatishe kwa kidole, kisha wabadilishane. Usimkutanishe hodari kupindukia na dhaifu kupindukia. Hodari atasoma kitabu chote, dhaifu atageuza kurasa. Walio karibu karibu ndio husaidiana.

Kuanzia darasa la tatu ingiza dakika kumi za kusoma kimya. Na wewe usome. Ukisahihisha madaftari wakati huo, umewaambia kwamba kusoma ni kazi ya watoto.

Kuchagua kitabu kinachomfaa, mfundishe kanuni ya vidole vitano: afungue ukurasa wa katikati, asome, akikutana na neno linalomshinda akunje kidole. Kidole kimoja au viwili, achukue. Vinne au vitano, akirudishe kwa leo. Kanuni hii imetoka kwenye lugha nyingine na kwetu inahitaji marekebisho. Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kusoma "mbalamwezi" au "kichuguu" bila kusita na asijue ni nini. Hatakunja kidole hata kimoja. Waambie wakunje kwa neno *wasiloweza kumweleza rafiki yao*. Matokeo yatakushangaza, hasa kwa wale wanaosoma kwa kasi na kusifiwa kila siku.

Mashindano ya "nani amesoma vitabu vingi" siyapendi. Watoto ni wepesi wa kuelewa kinachohesabiwa. Wataazima vyembamba, watavigeuza, watataka nyota. Kama lazima kuwe na zawadi, ipewe meza au mkondo, na ipewe kwa kazi waliyoifanya kutokana na kitabu.

Nane: shughuli za kuzungusha

Hizi zichukue zile dakika ishirini mara moja au mbili kwa mwezi. Nyingine ziwe za kusoma tu.

Igizo la wasomaji: andika hadithi fupi upya kwenye manila kwa mazungumzo, kila kikundi kiwe na Msimulizi, Sungura, Fisi na wengine. Hawakariri, wanasoma huku wakiigiza. Mwenye aibu hujificha nyuma ya karatasi na anasoma kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwake.

Picha zilizokatwa: zile ulizoziokoa kwenye vitabu vilivyoharibika. Kila kikundi kipewe picha nne zisizohusiana, kiziunganishe kuwa hadithi moja.

Kitendawili cha wiki: bandika mlangoni kila Jumatatu, jibu lake liwe ndani ya kitabu fulani kwenye rafu. Anayelipata aonyeshe ukurasa. Asiyelipata, Ijumaa akupe mji, mwenye jibu apokee.

Kitabu cha karatasi moja: hiki ndicho watoto hukipenda kuliko vyote. Chukua karatasi ya A4. Ikunje kwa urefu, ncha ndefu ikutane na ncha ndefu, ifungue. Ikunje kwa upana, ncha fupi ikutane na ncha fupi, kisha ikunje tena upande uleule, ufungue yote. Sasa ina vyumba vinane. Ikunje nusu kwa upana mara moja, na kwa mkasi kata kuanzia kwenye mkunjo ukifuata mstari wa katikati, ukome unapofika mkunjo unaofuata. Ifungue: kuna mpasuo katikati. Ikunje kwa urefu, shika ncha zote mbili, sukuma kuelekea ndani hadi mpasuo ufunuke kama msalaba, kisha laza kurasa upande mmoja. Una kitabu cha kurasa nane bila gundi wala stepla: jalada mbele na nyuma, na kurasa sita za hadithi. Mtoto aandike jina lake kama mwandishi. Vizuri visajili kwenye lile daftari kubwa, vipewe namba na muhuri kama vitabu vingine. Usifanye hivyo kwa mzaha, vitaazimwa.

Mgeni msimulizi: mwite bibi au babu wa kijijini anayesifika kwa hadithi. Muda wake uwe asubuhi, na mumwandalie kiti na chai. Asimulie kwa mtindo wake, nyimbo zikiwemo. Darasa la sita waandike walichosikia, walinganishe, wachore, na kitabu kinachotokana na kazi hiyo apelekewe nakala nyumbani.

Kwa shule za Dar es Salaam, safari moja kwa mwaka kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, inawezekana kwa daladala. Wa mikoani, ulizeni kwenye maktaba ya mkoa ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Ukiwa na kompyuta ya shule na printa hata ya kuazima, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapishwa bila malipo, zimepangwa kwa ngazi. Chapisha kumi za ngazi ya kwanza, zile ndizo huwa chache sokoni.

Tisa: kuazima

Kitabu kimoja, mtoto mmoja, wiki moja. Kiranja aandike jina, darasa, namba ya kitabu, tarehe. Kitoke ndani ya mfuko mgumu wa plastiki kwa ajili ya mvua na mafuta ya jikoni. Kabla hujaanza, tangaza kwenye kikao cha wazazi, waambie wasioweza kusoma wana kazi pia: kusikiliza mtoto akiwasomea na kumuuliza ilikuwaje.

Vitabu vitapotea. Vingine vitaliwa na mbuzi, na utaletewa ushahidi. Usichape na usitoze. Shule ya msingi ya serikali haina ada, na faini ndogo ya maktaba inamtosha mzazi fukara kumwambia mtoto asichukue kitabu tena. Aliyepoteza aje vipindi vitatu vya mchana kusaidia kushona na kugandisha. Hasara iandike kwa ukweli, uipeleke kwenye kamati ya shule kila mwisho wa muhula pamoja na idadi ya vitabu vilivyoazimwa. Mbele ya orodha ndefu ya waliosoma, vitabu sita vilivyopotea havimshtui mtu.

Kabla ya likizo ya Juni na ya Desemba kusanya vyote, hesabu kwa kufuata daftari, kisha waazime tena wenye rekodi nzuri vitabu viwili viwili vya likizo. Vilivyobaki vifungie kwenye maboksi ya plastiki yenye vifuniko, na ufunguo wa pili mwachie mwalimu wa zamu.